Anayetoka mjini ndiye anayebeba: mwaka wa sikukuu katika nyumba moja ya Tabata

"Dada, njoo Jumamosi. Na uje na kalkuleta yako."

Ndivyo mdogo wangu alivyonipigia simu Januari 2024, kwa sauti ya mtu aliyelia akanawa uso. Ada ya muhula wa kwanza ya binti yake mkubwa, Sh480,000, haikuwepo, na shule ilishamrudisha mtoto mara moja na kikaratasi mkononi. Mume alisema fedha zimeliwa Kibosho. Mke alisema zimeliwa Makunduchi. Mimi ni mhasibu, na katika ukoo wetu mhasibu ni kama mganga, huitwa mgonjwa akishazidiwa.

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yao wote wawili. Majina nimeyaacha, maana watu wa Tabata wanajuana.

Shemeji ni fundi wa majokofu na viyoyozi, mzaliwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Mdogo wangu ni muuguzi, na sisi ni Wachaga wa Kibosho, Kilimanjaro, Wakatoliki tangu kwa babu. Walifunga ndoa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake. Watoto ni watatu, wakati huo wa miaka 13, 9 na 4. Wanafuata dini ya baba yao, lakini ikifika Desemba nyimbo za Noeli wanaziimba kuliko watoto wa kwaya. Dar es Salaam hilo halimshangazi mtu.

Watu wa nje wakiiona nyumba hii hudhani tatizo lake litakuwa dini. Kumbe dini waliimaliza siku ya uchumba. Kilichowashinda ni kalenda, kwa sababu wanaishi kwa kalenda tatu kwa mpigo. Ipo ya Krismasi, iliyokaa palepale Desemba 25, na Pasaka yake inayohamahama kati ya Machi na Aprili. Ipo ya mwezi mwandamo yenye Iddi mbili, ambazo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja, kiasi kwamba bajeti ya mwaka jana huwezi kuihamishia mwaka huu bila kuivuruga. Na ipo ya tatu ambayo Wabara wengi hawaijui, kalenda ya Nairuzi, mwaka wa Kishirazi unaokwenda kwa jua. Kwa hiyo Mwaka Kogwa wa Makunduchi huwa Julai, mwaka nenda mwaka rudi.

Kuhusu huo Mwaka Kogwa sitaki kupita haraka, kwa kuwa kwa shemeji ni mkubwa kuliko sikukuu yoyote ya serikali. Wanaume wa upande wa kaskazini na wa kusini hukutana uwanjani na mabua ya migomba, wakatandikana mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiwatoke. Wanawake huwa pembeni na kanga zao mpya, wanaimba nyimbo za kusemana ambazo mgeni akitafsiriwa zote huona haya. Kibanda cha makuti huchomwa moto na mtu yumo ndani, naye huchomoka mbio kabla hakijaanguka. Halafu kila nyumba hutakiwa kuwa na mgeni, kwani nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa imeanza mwaka vibaya. Shemeji hurudi Dar na alama za bua mgongoni, na kwa wiki nzima anapanda ngazi kufunga viyoyozi huku anacheka peke yake. Ukimwambia mtu kama huyo "mwaka huu usiende, tubane matumizi", umemwambia asiwe yeye.

Daftari la mdogo wangu

Jumamosi ya mwisho ya Januari tulikaa mezani. Bahati nzuri mdogo wangu ana ugonjwa wa kuandika kila kitu, hata shilingi mia tano ya bodaboda. Tukaupanga mwaka 2023 wote. Krismasi Kibosho Sh1,460,000. Iddi ya kufungua Unguja Sh620,000. Mwaka Kogwa Sh310,000. Iddi Kubwa Sh280,000, nayo iliangukia mwishoni mwa Juni, kwa hiyo waliivuka bahari mara mbili ndani ya wiki tatu. Mchango wa kipaimara cha mtoto wa binamu Sh100,000. Pasaka kwa kaka yetu Mbagala Sh90,000. Sabasaba, kiingilio, chipsi na maputo, Sh75,000. Jumla Sh2,935,000.

Shemeji aliitazama ile jumla akasema, "Shemeji, hapo umeongeza sifuri." Sikuwa nimeongeza.

Kila mtu alikimbilia Kibosho kwa kuwa ndiyo namba kubwa, na ndani ya Kibosho wakakimbilia nauli. Nauli ilikuwa na kisingizio kizuri. Desemba 8 mwaka ule LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilikuwa imepandisha nauli za mabasi ya mikoani, daraja la kawaida kutoka Sh41.29 kwa kilometa hadi Sh48.47, na daraja la kati hadi Sh67.84. Dar mpaka Moshi ni kama kilometa 560, piga hesabu, daraja la kati linakuja kama Sh38,000. Wao walilipa Sh45,000 kwa kiti kwa sababu walikwenda kutafuta tiketi Desemba 22, wakati stendi nzima imejaa Wachaga na mabegi, wakaangukia mikononi mwa mpiga debe asiyejua risiti ni kitu gani. Viti vinne, mdogo akapakatwa, kwenda na kurudi Sh360,000.

Lakini nauli ilikuwa robo tu ya ile safari. Nikauliza: na zilizobaki? Mdogo wangu akasoma. Mchango wa mbuzi 150,000. Sukari, mchele na mafuta ya kupeleka 210,000. Nguo za watoto 180,000. Kitenge cha sare ya ukoo 125,000. Mbege na vinywaji 120,000, ingawa mumewe hanywi. Sadaka na michango ya kikao 90,000. Bahasha za wazee 160,000. Ya njiani, machungwa ya Segera na chakula cha Korogwe, 65,000.

Mimi nilichora mstari chini ya vitu vinne, yaani vya kupeleka, sare, michango na bahasha. Sh585,000. Sehemu mbili kati ya tano za safari nzima hawakuzila wala hawakuzipanda. Walizibeba.

Hapo ningekuwa na akili ningesimama, niufikirie huo mstari. Sikusimama. Nikaja na dawa ya kihasibu: zamu. Mwaka huu Krismasi Kibosho, Iddi mbaki Dar. Mwaka ujao Iddi Unguja, Krismasi mbaki. Hesabu zikakaa vizuri, jumla ikashuka kwa zaidi ya theluthi, nikafunga daftari nikijiona nimetibu.

Dawa ile haikumaliza wiki. Mama mkwe wa mdogo wangu alipoelezwa kwa simu alinyamaza, kisha akauliza, "Mwakani nani kakuahidi kama nitakuwepo?" Mama yetu wa Kibosho yeye hakunyamaza. "Basi na kunizika mtapeana zamu." Nimeshafanya kazi na wakaguzi wa kila aina, sijawahi kujibiwa namna hiyo.

Nilikosea wapi? Nilizichukua sikukuu kama matumizi, nikazipangia ratiba. Kwa bibi mwenye miaka sabini na kitu, sikukuu ni siku ya kuhesabu watoto wake, nani yupo na nani hayupo. Huwezi kumwambia mtu ahesabu nusu.

Pasaka ndani ya mfungo wa ishirini

Jibu halikutoka kwangu wala kwao, lilikuja lenyewe. Machi 2024 mama mkwe alivuka kuja Dar kutibiwa mtoto wa jicho. Alikuja kama wanavyokuja wazee wa Unguja, na gunia: nazi ishirini, viazi vikuu, dagaa wakavu na kifurushi cha mdalasini na hiliki kilichonukisha chumba kizima. Daktari akampa tarehe ya kurudi kuangaliwa baada ya Pasaka. Kwa hiyo mdogo wangu hakuweza kwenda Mbagala kama mwaka uliotangulia, maana hawezi kumwacha mgonjwa nyumbani akaenda kula sikukuu. Akanipigia, "Dada, njooni nyinyi."

Pasaka ya 2024 ilikuwa Machi 31. Ramadhani ilikuwa imeanza Machi 12. Piga hesabu: mfungo wa ishirini.

Asubuhi shemeji alichinja kuku wanne nyuma ya nyumba, mwenyewe, akielekea Kibla. Hiyo ndiyo kanuni ya jiko lile tangu siku ya kwanza. Achinje yeye, na wote tutakula. Kitimoto haiingii, pombe haiingii, na hakuna aliyewahi kuibandika ukutani. Sisi tukatoka misani saa sita mchana tukiwa na njaa ya Pasaka, ile ya mtu aliyejizuia Kwaresima nzima. Kufika Tabata tunakuta jiko linawaka na meza haina kitu. Watoto wadogo walipewa wali wao chumbani. Binti mkubwa alikuwa amefunga. Mdogo wangu, Mkristo, alikuwa anapika bila kuonja tangu asubuhi, chumvi akimwita mwanawe wa miaka 9 aje aonje. Kaka yetu wa Mbagala aliketi sofani kuanzia saa saba akitazama saa ya ukutani. "Pasaka bila hata bia moja," aliniambia kwa Kikibosho, akidhani bibi haelewi. Bibi hakuelewa maneno, ila uso wake aliusoma vizuri tu.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu jioni, adhana ikapanda kutoka msikiti wa mtaa wa pili. Bibi akachukua sahani ya tende. Hakuanza na mwanawe, wala mjukuu wake aliyefunga. Alimnyooshea kaka yetu. "Chukua, mwanangu. Leo na wewe umefunga, hata kama hukunuia." Kaka akacheka mpaka akapaliwa. Ukafuata uji wa pilipili manga, kaimati, sambusa, halafu meza ikafunguka: mtori wa mdogo wangu, viazi vikuu vya nazi, pilau, kuku, chapati, na samaki wa kukaanga aliokuja nao binamu wa shemeji kutoka Temeke. Kwa nusu saa hakuna aliyezungumza.

Sasa njoo kwenye daftari. Siku ile mdogo wangu alitumia Sh140,000. Usiku wageni walipoondoka, aliingia jikoni akakuta mchele kilo kumi aliouleta kaka, samaki waliobaki, mkungu wa ndizi, keki na kreti ya soda nilivyoleta mimi, na nazi za mkwewe ambazo hazijafika nusu. Akanitumia picha. Chini aliandika, "Dada, jiko limenenepa."

Ile picha ndiyo iliyonirudisha kwenye mstari nilioupita Januari.

Mtu anayesafiri ndiye anayebeba. Hii si kanuni ya Wachaga wala ya Wamakunduchi, ni yetu sote. Mgeni haendi mikono mitupu, na anayetoka mjini haendi mikono mitupu maradufu, kwa sababu kijijini wanaamini mjini fedha zinaokotwa. Nyumba ya Tabata ilikuwa na sikukuu kubwa tano kwa mwaka na katika zote tano ilikuwa mgeni. Ilisafiri mara zote, kwa hiyo ilibeba mara zote. Ndugu wa Kibosho walibeba mara ngapi kuja Tabata? Mara moja, msibani. Wa Makunduchi huja kutibiwa, na wakija huja na gunia. Mfereji wa zawadi ulikuwa unaelekea upande mmoja kwa miaka kumi na minne, na wenyewe wakadhani ndivyo ulivyochimbwa.

Na mbali na fedha, kulikuwa na jambo ambalo kalkuleta hailishiki. Mdogo wangu hakuwahi kuwa mwenye nyumba siku ya sikukuu. Kibosho ni binti aliyeolewa amekuja, Makunduchi ni mke wa kijana wetu, Mkristo. Anasaidia kuosha vyombo huku na huku. Siku ya Pasaka ile nilimwona akimwambia mkwewe, kwa upole, "Mama, wewe kaa, leo hapa ni kwangu." Mkwewe akakaa.

Miezi iliyofuata

Iddi ilikuwa Jumatano Aprili 10, katikati ya masika mabaya. Bibi alisharudi Unguja na jicho lake jipya, kwa hiyo shemeji alivuka na watoto wawili wakubwa tu, wakala sikukuu mosi na pili, wakarudi. Watoto walipata fedha zao za sikukuu kwa kupita nyumba kwa nyumba na kanzu, jambo ambalo Tabata hawalijui vizuri. Mdogo wangu alibaki na kitinda mimba, akampeleka Coco Beach kula mihogo ya kukaanga na pilipili. Gharama yote, Sh390,000. Nilimuuliza kwa nini asimpeleke kwenye muziki wa watoto uliokuwa unatangazwa mtaani. Akaniangalia kama nimemtukana. Yeye ni muuguzi, na Tabora hajaisahau: Iddi ya Oktoba 2008, watoto wapatao ishirini walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika ukumbi wa disko. Tangu hapo polisi kila Iddi hukataza disko toto, na kila Iddi kuna anayejaribu. Ufukweni kuna upepo, alisema, na mtoto ninamwona.

Iddi Kubwa ilikuwa Jumatatu Juni 17, kwa wanaofuata mwezi wa nchi. Binamu wa Temeke anafuata Makka, akasali Jumapili. Kwa hiyo alikula kwake jana yake na kwao siku yenyewe, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo la pili. Walichinja Tabata, hawakuvuka. Sh180,000.

Mwaka Kogwa shemeji alikwenda, kama nilivyosema hakuna wa kumzuia, ila safari hii na mwanawe peke yake. Sh160,000. Mtoto alirudi na bua la mgomba lililokauka, akalificha chini ya kitanda mpaka likaanza kuota ukungu.

Halafu ikaja Nane Nane, ambayo nusura niiite sikukuu ya mwaka. Kila mwaka walikuwa wakienda Sabasaba, pale viwanja vya Barabara ya Kilwa, siku yenyewe ya Julai 7 ambapo nusu ya Dar huwa imo humo. Mwaka huo waliiruka. Juni 14 treni ya SGR ilikuwa imeanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro, na watoto walikuwa wanaiota. Maonesho ya Nane Nane ya kanda ya mashariki hufanyika Morogoro. Shemeji akaviunganisha viwili hivyo mwenyewe, bila kikao. Nauli ya daraja la kawaida Sh13,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu. Watu wazima wawili na binti aliyekwisha pita umri wa nusu, pamoja na wadogo wawili, Sh52,000 kwenda, nyingine kama hiyo kurudi. Wakala walichobeba kwenye ndoo. Jumla ya siku, Sh185,000.

Nilikwenda nao, nikajilipia. Kitinda mimba, sasa ameshatimiza mitano, alipiga magoti kwenye kiti akabandika pua kioo kizima. Kila tulipopita nguzo ya umeme alihesabu, na kwa kuwa treni ile huenda mpaka kilometa 160 kwa saa, alishindwa kufika ishirini, akaanza upya, akashindwa, akaanza upya. Pugu, Soga, Ruvu. Mwishoni akageuka akamwambia baba yake kwa hasira, "Mwambie dereva apunguze, nahesabu." Viwanjani waliona ng'ombe wa maziwa mwenye kiwele kama mtungi, mabwawa ya sato, mizinga ya nyuki. Mdogo wangu alinunua miche mitatu ya parachichi akarudi nayo mapajani. Hakuna kati yetu aliyempelekea mtu sukari. Hakuna aliyeandika bahasha. Jioni kituoni Morogoro, akisubiri na miche yake, aliniambia hiyo ndiyo safari ya kwanza tangu aolewe ambayo haendi kwa mtu.

Desemba, na kilichopotea

Ningemaliza hapo kisa kingekuwa kizuri mno, nami siviamini visa vizuri mno.

Mwaka 2024 Desemba 9, siku ya Uhuru, ilikuwa Jumatatu. Wakaamua kwenda Kibosho mapema, wapande Jumamosi ya tarehe 7, wakae na wazee siku kumi, warudi kabla msururu haujaanza, na Krismasi waifanye Tabata. Tiketi walipata kwa bei halali, na risiti. Lakini nauli haikushuka hata kidogo. Kitinda mimba amekua, hapakatwi tena, na viti vitano kwa Sh38,000 kwenda na kurudi ni Sh380,000, yaani elfu ishirini zaidi ya mwaka wa mpiga debe. Kilichoshuka ni mizigo. Kijiji kilikuwa hakijajaa, kwa hiyo bahasha zilikuwa za baba na mama tu, zawadi za nyumba moja, sare hakuna. Safari nzima Sh890,000. Krismasi Tabata ikala Sh200,000 nyingine. Ukijumlisha mwaka mzima unapata Sh2,145,000, pungufu ya mwaka uliotangulia kwa Sh790,000. Ada ya Januari 2025 ililipwa siku ya kwanza. Sitasema yote ni akili yetu, mwaka huo hakukuwa na kipaimara.

Mama alifurahi? Alifurahi kuwa nao siku kumi bila kelele, akamfundisha binti mkubwa kupika kiburu. Aliponiona tarehe 24 nimefika bila wao, alihesabu watu ukumbini, akahesabu tena, akaingia jikoni. Sikumfuata.

Na kuna kikao. Wachaga hawapandi mlima Desemba kwa ajili ya hewa. Tarehe 26 ukoo hukaa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, karibu na makaburi, na yote ya mwaka hujadiliwa hapo: mipaka, madeni, nani amemkosea nani, nani apelekewe sale, lile jani letu la kuombea msamaha, akaombe radhi. Mwaka ule suala lilikuwa kipande cha kihamba upande wa mfereji, ambacho baba amekuwa akisema kwa mdomo tu kwamba ni cha mabinti. Mimi nilikuwepo, nikasema yangu. Mdogo wangu hakuwepo. Tukampigia simu, ikawekwa spika, mtandao wa mlimani ukawa unakata, na mjomba mmoja akasema asiyekuwepo hasikilizwi kwa simu. Suala likaahirishwa. Hilo halimo kwenye Sh790,000, na sijui ningeliandika safu gani.

Nilimweleza shemeji. Akasema, "Basi mwaka huu atakwenda yeye tarehe 25 usiku, peke yake, akae kikao arudi." Labda. Tiketi ya Desemba 25 usiku nayo ina bei yake.

Tarehe 27 kaka yetu alipakia kwenye basi gunia la ndizi kuelekea Tabata, na katikati ya ndizi paja la mbuzi wa sikukuu lililobanikwa likakaukia moshi, fungu la nyumba ya mdogo wangu. Huku mlimani kila kiungo cha mbuzi kina mwenyewe, na mwenyewe asipokuwepo hufuatwa alipo. Kwa mara ya kwanza mzigo ulishuka kwenda mjini. Shemeji aliupokea stendi usiku, akalipa Sh10,000 ya mzigo. Bibi wa Makunduchi alikuwa hapo Tabata, ameletwa tena kuangaliwa jicho, na alisimama juu ya lile gunia akaangalia paja, akanusa, akauliza la maana:

"Nani kachinja?"

Mdogo wangu akapiga simu Kibosho. Kaka akajibu kwamba alikwishajua litaulizwa, alimwita mzee wa msikitini Moshi mjini, akampa na nauli ya kupanda. Bibi akaomba jina la mzee mwenyewe. Akatajiwa.

"Ah," akasema, akaanza kutafuta kisu.